SOMO: Kukopa nyumbani ili kusoma nje, na siku 28 zilizomgharimu mama yangu

Ninaandika somo hili kwa sababu nimechoka. Katika miezi miwili iliyopita nimeulizwa swali lilelile na watu wasiopungua kumi na wanne, wengine wakinikuta pale sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, nikimsaidia mama kwenye mizigo ya dagaa, wengine wakinipigia simu saa nne za usiku: mtoto amepata chuo nje, je, Bodi ya Mikopo inatoa kiasi gani? Kuanzia leo atakayeniuliza nitamwelekeza hapa. Mfano wangu ni Uingereza kwa sababu ndiko nilikosoma shahada ya uzamili, lakini sehemu kubwa ya yanayohusu kukopa ni yaleyale hata kama unakwenda India au Uchina.

Hatua ya kwanza: Acha kuihesabu Bodi.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi mwaka 2005, na kazi yake ni kuwakopesha waliodahiliwa katika vyuo vinavyotambuliwa ndani ya nchi. Wanafunzi wa nje ambao fedha zake zimewahi kuwafikia ni wale waliopelekwa na Serikali kwa makubaliano baina ya nchi na nchi. Ukiwa na udahili wa SAUT pale Nyegezi au wa CUHAS pale Bugando, unaruhusiwa kuomba. Ukiwa na barua ya chuo kilichoko Leeds uliyoitafuta mwenyewe, hapo hakuna cha kuomba. Kwa hiyo mkopo wa nyumbani ninaouzungumzia ni wa benki, wa SACCOS, au wa mwajiri.

Hatua ya pili: Hakikisha chuo kinatambuliwa katika nchi yake, na kama unapitia kwa wakala, hakikisha amesajiliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa kuwa ni TCU hiyohiyo itakayoitathmini shahada yako utakaporudi.

Hatua ya tatu: Andaa pasipoti, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya NECTA, majina yakiwa yameandikwa sawasawa kwenye vyote.

Hatua ya nne: Piga hesabu yote kabla ya kukanyaga benki.

Watu wengi hukopa ada peke yake. Uingereza itataka kuona ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki, pamoja na fedha za kujikimu kwa miezi isiyozidi tisa. Kuanzia tarehe 2 Januari 2025 kiwango cha kujikimu kiliwekwa kuwa pauni 1,483 kwa mwezi kwa London na pauni 1,136 kwa nje ya London, nacho hupandishwa mara kwa mara, hivyo soma kiwango cha siku utakayoomba. Kwa kiwango hicho, miezi tisa nje ya London ni pauni 10,224. Ongeza tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, ambayo kwa uzamili wa miezi kumi na miwili huhesabiwa mwaka mmoja na nusu, kwa kuwa viza huendelea miezi kadhaa baada ya masomo, na hivyo kuwa pauni 1,164. Halafu kuna ada ya viza yenyewe, kipimo cha kifua kikuu, safari ya Dar es Salaam kutoa alama za vidole, na tiketi ya ndege.

Hatua ya tano: Chagua mkopo kwa jumla utakayolipa, wala si kwa maneno matamu ya afisa mikopo.

Swali la kwanza kuuliza ni hili: riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua, au kwenye kiasi chote cha awali hadi mwisho? Chukua shilingi milioni 30 kwa asilimia 17 kwa mwaka, miezi 60. Riba ikiwa ya salio linalopungua, rejesho ni takriban shilingi 745,600 kwa mwezi na jumla ni takriban milioni 44.7. Ikiwa ni ile ya kiasi cha awali, rejesho ni shilingi 925,000 na jumla ni milioni 55.5. Mabango yote mawili yataandika asilimia 17.

Ukiweka nyumba ya familia kuwa dhamana, sheria inataka ridhaa ya mwenza. Sisi tulipoteza wiki mbili kwa sababu baba alikuwa Ukara na wavuvi wake na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba sahihi yake itahitajika.

Hatua ya sita: Siku 28. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma polepole.

Barua ya benki ya kawaida inayosema kwamba mkopo wako umeidhinishwa haikusaidii kwa viza ya Uingereza. Barua ya mkopo inayokubalika ni ya serikali, ya chombo cha mikopo ya wanafunzi kinachodhaminiwa na serikali, au ya mpango maalumu wa mikopo ya elimu. Mkopo mwingine wowote ni lazima uwe umekwishageuka fedha taslimu, ukae katika akaunti yako au ya mzazi wako kwa siku 28 mfululizo, na katika siku hizo zote salio lisishuke chini ya kiwango hata siku moja. Taarifa ya benki nayo isiwe imeishia zaidi ya siku 31 kabla ya tarehe ya kuomba. Maana yake ni kwamba utalipa riba ya fedha iliyolala, na hilo halina njia ya kulikwepa.

Mwaka 2022 mama alikopa kwa dhamana ya nyumba yetu ya Buswelu, na fedha zikaingia kwenye akaunti yake tarehe 3 Julai. Tuliondoka benki tukiwa na furaha, tukahesabu kwamba siku ya 28 ingekuwa tarehe 30. Hatukujiuliza rejesho la kwanza lingekatwa lini na kutoka wapi. Lilikatwa lenyewe tarehe 28, yaani siku ya 26, kutoka akaunti ileile iliyokuwa imebeba salio letu: shilingi 1,120,000. Salio likashuka chini ya kiwango kwa shilingi laki saba na kitu. Mama akauza magunia ya dagaa kwa bei ya hasara, akarudisha fedha kesho yake asubuhi, nami kwa ujuaji wangu nikasema kwamba siku moja haina neno. Viza ilinyimwa kwa sababu ya siku hiyo moja. Tozo ya afya ilirudishwa, lakini ada ya viza haikurudi. Chuo kilikuwa na huruma ya kunihamishia Januari, na mama akalipa marejesho ya miezi mitano ya fedha ambayo ilikuwa haijafanya kazi yoyote. Benki haikukosea kitu; tarehe ya rejesho ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wa nne wa mkataba, chini ya sahihi yangu mwenyewe kama shahidi.

Kwa hiyo, zingatieni haya. Ombeni katika mkataba kwamba rejesho la kwanza lianze mwezi wa tatu baada ya fedha kuingia, na kama benki haikubali, wekeni fedha za marejesho mawili juu ya salio linalotakiwa. Mkopo ukishaingia, uhamishieni katika akaunti nyingine ya mzazi huyohuyo isiyokatwa chochote, na muanze kuhesabu siku kutoka hapo. Akaunti hiyo isiunganishwe na simu, kwa sababu mfanyabiashara akiona salio kubwa siku ambayo mzigo umeshuka bei, mkono utamwasha. Salio lenu likiwa la shilingi, litabadilishwa kuwa pauni kwa kiwango cha siku ya kuomba, na shilingi yetu haisimami mahali pamoja: mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,600, kisha ikashuka hadi karibu 2,400 kabla mwaka haujaisha. Mimi sasa humshauri mtu aongeze asilimia 10. Mwisho, ikiwa akaunti ni ya mzazi, ambatisha cheti cha kuzaliwa, barua yake ya kuridhia, na mkataba wa mkopo, kwa kuwa afisa anaweza kuuliza fedha nyingi hivyo zimetoka wapi kwa siku moja.

Hatua ya saba: Viza na tozo ya afya hulipwa kwa kadi mtandaoni, kwa hiyo iombe benki yako ipandishe kikomo cha kadi siku moja kabla.

Hatua ya nane: Kutuma ada.

Kwenye fomu ya kutuma fedha nje kuna mahali pa kuchagua OUR, SHA au BEN. Ukichagua OUR, gharama zote ni zako wewe mtumaji; SHA mnagawana; BEN zinamwangukia mpokeaji. Fedha hupita benki za katikati, na usipochagua OUR kila moja inaweza kumega kidogo, chuo kikapokea pungufu na kukuandika kuwa mdaiwa. Namba yako ya mwanafunzi iandikwe kwenye sehemu ya maelezo, la sivyo fedha zitakaa chuoni bila mwenyewe.

Hayo ndiyo yote. Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Igoma: Naomba kufahamishwa, Bodi inatoa shilingi ngapi kwa wanaokwenda Kanada?

Mwandishi: Hatua ya kwanza.

Kijana wa Igoma: Samahani kaka, somo ni refu, nilitaka jibu la haraka tu.

Mwandishi: Mkataba wa mkopo ni mrefu kuliko somo hili, na huo utausaini.

Mwalimu wa Magu: Nakushukuru kwa somo. Mimi ni mtumishi wa umma, mshahara wangu wa msingi ni shilingi 900,000, na bado ninakatwa deni la Bodi la shahada ya kwanza. Nimepata udahili wa uzamili nje, nikataka kukopa kupitia mshahara, lakini afisa utumishi anasema nafasi yangu ni ndogo. Je, ananionea?

Mwandishi: Shikamoo mwalimu. Hakuonei, na tuhesabu pamoja. Makato yote ya mtumishi hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara wa msingi, kwa hiyo ni lazima ubakiwe na shilingi 300,000, na makato yaishie 600,000. Hifadhi ya jamii asilimia 5 ni 45,000, bima ya afya asilimia 3 ni 27,000, kodi ya mapato ni takriban 91,750, na mchango wa chama asilimia 2 ni 18,000. Bodi inachukua asilimia 15, yaani 135,000. Jumla ni 316,750, na nafasi iliyobaki ni 283,250. Kwa riba ya asilimia 17 ya salio linalopungua na miezi 60, rejesho hilo linabeba mkopo wa takriban milioni 11.4. Deni la Bodi lingekuwa limekwisha, ile 135,000 ingekuongezea kama milioni 5.4. Kwa hiyo kabla ya kukopa, omba Bodi taarifa ya deni lako. Ikiwa limebaki kidogo, kulimaliza kwanza kunaweza kukufaa kuliko kutafuta benki nyingine.

Mwalimu wa Magu: Marahaba. Sikuwahi kuonyeshwa hesabu hiyo. Asilimia 15 inauma sana, sisi wa zamani tulisaini tukijua ni 8.

Mwandishi: Ni kweli, mwalimu, ilipandishwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Afadhali ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni livimbe kila mwaka, Rais Samia alitangaza kuiondoa hapahapa Mwanza, Mei Mosi ya mwaka 2021. Kwa hiyo hakikisha taarifa utakayopewa haina tozo hiyo baada ya hapo.

Dada wa Buzuruga: Kuna wakala hapa mjini anaahidi kunitafutia salio la kuonyesha kwa siku 28, nimlipe dola 400, kisha mwenye fedha azichukue. Nimeona ni rahisi kuliko kuweka nyumba ya wazazi rehani.

Mwandishi: Usifanye. Kudanganya katika maombi ya viza ya Uingereza kunaweza kukufungia mlango kwa miaka 10. Tena huyo anayekutoza dola kwa huduma anayoifanyia Mwanza anavunja kanuni za mwaka 2025 zinazokataza kutoza na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mtu anayevunja sheria mbili kwa mkono mmoja si wa kukabidhiwa pasipoti.

Dada wa Buzuruga: Lakini na wewe fedha zako zilikuwa za mkopo. Tofauti iko wapi? Au mwenye nyumba ya kuweka dhamana ndiye peke yake mkweli?

Mwandishi: Sikusema hivyo, dada, na sipendi kuwekewa maneno mdomoni. Fedha za mama zilikuwa na mkataba, zilikuwa mikononi mwetu kuzitumia, na zilikwenda kulipa ada na chakula kama tulivyoandika. Hizo zako zina mwenyewe ambaye siku ya 29 anazichukua. Unaandika kwamba utajikimu kwa fedha ambazo unajua hutakuwa nazo. Hata viza ikitoka, mwezi wa pili utakula nini? Lakini swali lako ni la haki kwa upande mmoja: asiye na dhamana ana njia chache. Andikia chuo uulize kama kina punguzo la ada, kwa sababu kinachoandikwa kwenye hati ya CAS, ile ya kuthibitisha udahili ambayo chuo hukupa kwa ajili ya viza, kuwa kimepunguzwa hakidaiwi tena kwenye salio. Mimi nilipunguziwa theluthi moja ya ada kwa barua ya ukurasa mmoja.

Dada wa Buzuruga: Hilo la punguzo sikulijua. Nitaandika leo.

Mvuvi wa Ukerewe: Nina swali ambalo huenda ni la kipuuzi. Familia yetu inaishi kwa dagaa. Wakati wa giza tunavua, wakati wa mbalamwezi taa zetu hazifai kitu na mitumbwi inapumzika. Benki inakata tarehe moja kila mwezi. Mwezi wa mbinguni na mwezi wa benki havitembei pamoja. Je, mtu kama baba anawezaje kubeba rejesho la miaka mitano?

Mwandishi: Ndugu yangu, hilo si la kipuuzi hata kidogo, na natamani ningeliuliza mimi kabla mama hajasaini. Kuna tarehe ya rejesho itakayoangukia baada ya siku nyingi za mauzo, na miezi kadhaa baadaye tarehe hiyohiyo itaangukia katikati ya mbalamwezi, wakati ndani hamna kitu. Mama alilijua hilo kwa uchungu, ndipo akaanza utaratibu huu: kila giza linapokwisha, kabla ya kulipa mafuta na vibarua, anatenga rejesho zima katika akaunti ya pembeni, na anajitahidi wakati wote awe na marejesho mawili mbele. Njia ya pili ni kuzungumza na benki au SACCOS kabla ya mkataba, uwapelekee daftari la mauzo ya mwaka mzima, uwaombe marejesho ya kila baada ya miezi mitatu. Wapo wanaokubali kwa wakulima na wavuvi, na wapo watakaokucheka. Daftari ndilo linalowashawishi. Mzee analo?

Mvuvi wa Ukerewe: Analo, lakini ameandika kwa ndoo na magunia, si kwa shilingi.

Mwandishi: Ndoo zinafaa. Kaa naye jioni moja mweke bei ya kila giza pembeni mwa ndoo, kisha mpeleke nakala. Ukitaka, nitumie nikuangalizie.

Mama Sengerema: Mwanangu anatazamia Ujerumani, ambako ameambiwa hakuna ada. Je, siku 28 zinamhusu?

Mwandishi: Hazimhusu, mama. Ujerumani hutumia akaunti iliyofungwa: tangu Septemba 2024 kiasi ni euro 11,904 kwa mwaka, na akifika anaruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Vyuo vingi vya umma huko havitozi ada, isipokuwa mchango wa muhula, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wageni euro 1,500 kwa muhula. Ukikopa kwa ajili hiyo, kumbuka kwamba fedha zikishafungwa huwezi kuzigusa hata rejesho likikubana, kwa hiyo marejesho yawe na chanzo kingine.

Mfanyakazi wa Nyakato: Mimi nimeruka moja kwa moja hadi hatua ya nane kwa sababu viza ninayo. Nilituma ada wiki iliyopita, na leo chuo kimeniandikia kwamba imepungua pauni 38 na hawataniandikisha mpaka nimalize. Benki inasema ilituma zote.

Mwandishi: Ulichagua nini kwenye fomu?

Mfanyakazi wa Nyakato: SHA. Keshia alisema ndiyo rahisi.

Mwandishi: Ni rahisi kwa siku hiyo. Iombe benki nakala ya ujumbe wa SWIFT, yaani mtandao ambao benki huutumia kutumiana maagizo ya malipo, itaonyesha zilipopita, uitume chuoni ili wajue hukufanya hila. Kisha tuma hizo 38 kwa OUR, na namba ya mwanafunzi iwepo. Ukituma kwa SHA tena zitafika 15.